Mgonjwa Aulizwe Angali Anasema



Wapenzi wasikilizaji wa Kalemie, nanyi mkaao vijijini kando ya ziwa, leo tunafundisha juu ya mgonjwa ambaye dawa hazimponyi tena.

Tutwae mfano wa nyumba moja. Baba anaugua sana. Mkewe ataka abaki nyumbani. Watoto wataka arudishwe hospitali. Mjomba, mwenye neno kubwa katika koo za Watabwa, angali anangojwa kutoka Moba. Wote wananong'ona nje ya mlango, lakini mgonjwa haulizwi. Kauli yake inapokatika, ugomvi unaanza: Nani alikataza safari? Nani atalipa deni? Azikwe wapi?

Je, kumwambia mgonjwa hali yake ni kumwua? Sivyo. Mara nyingi yeye mwenyewe anaijua. Tukimficha, tunamwacha peke yake na hofu yake. Basi aambiwe kwa upole, kadiri apendavyo kusikia.

Je, Mkristu analazimika kutafuta kila dawa? Mwaka 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwajibu waganga kwamba twalazimika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, si zile zinazowalemea mno mgonjwa na jamaa zake. Kwa hiyo kuuza shamba kwa ajili ya safari ya Lubumbashi isiyo na tumaini si amri ya Mungu. Lakini kumwua mgonjwa ni dhambi. Nako kumnyima maji, usafi na dawa ya maumivu ni kukosa mapendo.

Je, padri aitwe lini? Mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho tu.

Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi wake. Alipanga mambo ya jamaa yake alipokuwa angali na sauti.

Nasi tufanye hivyo. Mke, watoto na mjomba waketi pamoja kitandani pa mgonjwa, wamwulize: Wapenda kutunzwa wapi? Ukishindwa kusema, nani aseme kwa ajili yako? Je, yuko mtu unayetaka kupatana naye? Kisha wote walishike neno lake, hata lisipowapendeza.

Mungu awafariji wagonjwa wetu. Amina.