Soli ya Ndani, Fimbo na Goti la Mzee

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali, si daktari, wala sikuja kumtibu mtu. Lakini wengi wetu tumefikia umri ambao wazazi wetu, kuanzia milima ya Tarime hadi tambarare za Mugumu na Nata, wanatupigia simu kwa neno moja: goti. Nasi tunatuma fedha. Swali langu leo ni hili: fedha hizo zinanunua nini?

Ugonjwa ninaousema ni ule wa kulika kwa viungo, ambao madaktari huuita osteoathritisi. Nyumbani tunauita baridi yabisi, ingawa baridi siyo inayouleta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao, na kati yao milioni 365 waliugua goti. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, yaani tabaka laini linaloteleza. Gegedu hilo hulika, mfupa ulio chini yake hubadilika, na goti hukakamaa. Mzee huumia anapoinuka kitini, na huumia zaidi anaposhuka mlima. Mara nyingi upande wa ndani wa goti ndio unaolika zaidi, na mguu hupinda ukawa wa matege.

Vijana wa fizikia watanielewa upesi. Shika ndoo ya maji karibu na mwili, kisha uishike mkono ukiwa umenyooshwa. Ndoo ni ileile, lakini umbali umeongezeka, na bega linalia. Ndivyo ilivyo kwa goti. Tunapokanyaga, ardhi nayo hutusukuma, na msukumo huo hupita upande wa ndani wa goti, mbali kidogo na kitovu chake. Kadiri mguu unavyozidi kuwa wa matege, ndivyo umbali huo unavyozidi, na upande wa ndani hubanwa zaidi.

Hapo ndipo soli ya ndani ilipoingia. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Japani, Sasaki na Yasuda, walieleza matumizi ya soli yenye umbo la kabari, nene upande wa nje wa unyayo na nyembamba upande wa ndani. Kabari hiyo husogeza msukumo wa ardhi uelekee nje, umbali ukapungua. Vipimo vya maabara vilivyofuata vilionyesha kwamba mzigo wa upande wa ndani hupungua kweli, kwa kiasi cha sehemu tano au sita hivi kwa mia. Hesabu ilikuwa sahihi, na matumaini yakawa makubwa.

Lakini, ndugu zangu, goti si hesabu peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya watu 200 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Nusu walivaa soli ya kabari ya nyuzi 5, nusu walivaa soli bapa ya kawaida. Mwisho wa mwaka maumivu yalikuwa sawa, na kabari haikuokoa gegedu. Mwaka 2013 majaribio 12 yenye watu 885 yalikusanywa na kupimwa pamoja, na jibu likawa lilelile: kabari ikishindanishwa na soli bapa, haionyeshi tofauti yoyote ya maana.

Hali kadhalika kwa viatu. Mwaka 2006 watafiti wa Chicago walikuta kwamba mgonjwa akitembea pekupeku, mzigo wa goti hupungua kwa karibu sehemu 12 kwa mia kuliko akivaa viatu vyake. Wengine tungesema basi wazee watupe viatu. Lakini mwaka 2021, tena huko Melbourne, watu 164 walijaribishwa kwa miezi 6, na waliovaa viatu imara vyenye kushika mguu walipata nafuu ya maumivu kuliko waliovaa viatu bapa vyepesi, ingawa viatu bapa ndivyo vipunguzavyo mzigo. Fundisho ni kwamba kupunguza mzigo na kupunguza maumivu ni mambo mawili.

Nayasema haya kwa sababu nimeshuhudia mnadani mzee akiuziwa jozi ya soli kwa bei ya mbuzi, huku mwuzaji akiapa kwamba gegedu litaota upya. Halitaota kwa soli. Mgonjwa wa kisukari au wa ukoma aliyekufa ganzi unyayoni anahitaji soli maalumu ili asipate vidonda, na huyo asizuiwe. Mafundi wa kazi hiyo wanafundishwa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kule Moshi, tangu mwaka 1981. Lakini kwa goti lililolika, tusiuze mbuzi.

Basi tununue nini? Yanayosaidia zaidi ni ya bei nafuu. La kwanza ni mazoezi ya misuli ya paja. Mzee akae kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Kisha ajifunze kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Afanye hivyo mara kadhaa kwa wiki, na asiache kutembea, kwa maana goti lisilotembezwa hudhoofika. La pili ni uzito. Imepimwa kwamba kila kilo moja anayopungua mtu mnene huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. La tatu ni fimbo. Wazee wetu wana fimbo tayari, lakini wengi huishika upande wa goti linalouma. Ishikwe mkono wa upande wa pili, itangulie pamoja na mguu mgonjwa.

La nne ni tahadhari. Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani na kumezwa mwezi hata mwezi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Goti likivimba ghafla, likawa la moto, au homa ikafuatana nalo, hilo si la fimbo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu Mwenyekiti, mzee asiyeweza kushuka mlima haendi kliniki, haendi mnadani, wala hafiki barazani panapoamuliwa mambo ya ukoo. Tunampoteza akiwa hai. Kwa hiyo nawaomba wenzangu: tunapotuma fedha, tutume na maelezo. Nanyi vijana, mtakapofunga shule, mwekeni bibi kitini, mhesabu naye hadi tano, kisha mtazame babu ameshika fimbo mkono gani. Kazi hiyo haihitaji shahada.