Mtoto Akitoka Upasuaji wa Meno: Kazi Inayobaki Nyumbani

Mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi



Mtoto mdogo akioza meno mengi, daktari wa meno anaweza kuamua kuyatibu yote siku moja, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya nusukaputi. Meno yanayoweza kuokolewa huzibwa au kufunikwa kwa kofia ndogo za chuma kisichoshika kutu. Yaliyoharibika kabisa hung'olewa. Upasuaji huo huondoa uozo uliopo. Kilichouleta hubaki nyumbani, na huko ndiko mtoto anakorudi kupona.

Wapo wanaouliza: ya nini kugharamika kwa meno ya utotoni yatakayong'oka tu? Magego ya utotoni hukaa kinywani hadi mtoto afike miaka 10 hadi 12. Ndiyo anayotafunia, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya meno ya ukubwani. Usaha kwenye jino la utotoni unaweza kuharibu jino jipya linalokua chini yake.

Siku ya kwanza mtoto huwa na usingizi, kizunguzungu na pengine kichefuchefu. Asiachwe peke yake, asipande ngazi wala baiskeli. Aanze kwa maji kidogo kidogo; yakikaa tumboni, apewe uji uliopoa, maziwa, supu ya vuguvugu au viazi vilivyopondwa. Ikiwa alidungwa sindano ya ganzi, mdomo hubaki umekufa ganzi kwa saa kadhaa, na watoto wengi hujitafuna mdomo au shavu bila kuhisi. Mlezi amwangalie mpaka ganzi iishe.

Mate yenye wekundu siku hiyo ni ya kawaida. Damu ikizidi palipong'olewa jino, mtoto akae wima, mlezi akunje shashi au kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, akibane hapo kwa mkono dakika 20 bila kuchungulia. Mtoto mwenye usingizi asiachiwe kitambaa kinywani, kinaweza kumkaba.

Bonge la damu linaloganda kwenye kidonda ndilo dawa ya kwanza. Kwa saa 24 asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, wala asinywe kwa mrija, kwa kuwa kuvuta huling'oa bonge hilo. Ugoro, mafuta ya taa na majani yaliyotwangwa yasitiwe kwenye kidonda; huchoma nyama na kuleta maambukizi.

Kwa maumivu, mtoto apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake alichoandika daktari. Asipewe aspirini: huongeza kutokwa na damu, na kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini hatari wa ubongo na ini. Dawa ya vijasumu iliyobaki ya mtoto mwingine isitumiwe.

Kuanzia siku ya pili, meno yapigwe mswaki. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona ufizi unatoka damu kando ya kofia za chuma, wanamwonea mtoto huruma na kuacha. Uchafu ukikaa hapo ufizi huzidi kuvimba. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, ndio unaoponya. Dawa ya meno yenye floridi iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Mtu mzima ndiye ampige mswaki.

Kwa siku chache githeri, mahindi ya kuchoma na njugu zisubiri. Chingamu na peremende za kunata ziachwe kabisa, kwani zinaweza kuibandua kofia.

Mtoto arudishwe hospitali bila kungoja miadi iwapo damu haikomi baada ya kubanwa dakika 30, anatapika mfululizo, ana homa kali, au maumivu na uvimbe vinaongezeka baada ya siku ya tatu. Akipumua au kumeza kwa shida, au uvimbe ukishuka shingoni, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata usiku.

Wiki ikipita, mtoto hula na kulala vizuri, na hapo ndipo nyumba husahau. Chupa ya maziwa au chai ya sukari kitandani, soda, na biskuti za kila saa vikirudi, meno yaliyosalia yataoza, na magego ya ukubwani yanayoanza kuota karibu na miaka 6 yatafuata. Baada ya mswaki wa usiku, kinachobaki ni maji tu.

Miadi ya kurudi kwa daktari itimizwe hata kama mtoto halalamiki. Uozo huanza bila maumivu, na tundu dogo lililoonekana mapema huzibwa bila kumrudisha mtoto kwenye nusukaputi.