Nidhamu Haivuliwi Pamoja na Sare: Kipchoge Keino wa Kenya



Wapo watu ambao sifa yao huisha siku wanapovua viatu vya mashindano. Kipchoge Keino wa nchi jirani ya Kenya si mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi, akaondokewa na wazazi angali mdogo, na alipokuwa kijana akajiunga na Jeshi la Polisi. Huko alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo.

Ushindi haukumjia kwa pupa. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962, alikuwa wa 11 katika mbio za maili tatu. Mwaka 1964 huko Tokyo alishika nafasi ya tano katika mita 5,000. Hakulaumu mtu, alirudi mazoezini. Mwaka 1965 peke yake alivunja rekodi mbili za dunia, ile ya mita 3,000 na ile ya mita 5,000.

Mtihani mkubwa ulikuja Mexico mwaka 1968. Katika mita 10,000 alianguka kwa maumivu ya mfuko wa nyongo, akatoka nje ya njia. Ingawa kwa sheria alikwisha ondolewa mashindanoni, aliinuka akamaliza. Siku chache baadaye akapata nishani ya fedha ya mita 5,000. Ndipo, kinyume cha ushauri wa madaktari, akasimama katika fainali ya mita 1,500 dhidi ya Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa mwenye rekodi ya dunia. Mwenzake, Ben Jipcho, aliongoza duru ya kwanza kwa kasi kubwa ili kumchosha Mmarekani huyo. Jipcho hakupata nishani yo yote siku ile. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Ryun kiasi cha mita 20 nyuma. Kila askari anaelewa maana ya jambo hilo: bendera hupandishwa na wengi, ingawa anayepigiwa makofi ni mmoja.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, alitwaa dhahabu ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mchezo ambao hakuwa ameuzoea. Na hapana mshindi asiyepata mrithi. Mwaka 1973 huko Lagos alishindwa katika mita 1,500 na kijana kutoka Tanzania, Filbert Bayi, naye akiwa mwanajeshi. Mwaka uliofuata Bayi aliweka rekodi mpya ya dunia ya mbio hizo.

Mwaka huo huo wa 1973 Keino aliingia katika kundi la wakimbiaji wa kulipwa nchini Marekani. Siku hizo aliyepokea fedha kwa kukimbia alifungiwa mlango wa Olimpiki. Wengi waliofuata njia hiyo walisahauliwa. Yeye alirudi nyumbani, akafungua duka la vifaa vya michezo mjini Eldoret, na akalima shamba lililoitwa Kazi Mingi. Jina hilo halikuwa mzaha. Yeye na mkewe, Phyllis, aliyekuwa muuguzi, walikwisha anza kuwapokea watoto yatima, na watoto hao walihitaji chakula, mavazi na elimu. Mwaka 1999 ilifunguliwa shule ya msingi yenye jina lake, na mwaka 2009 ya sekondari. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Laurel ya Olimpiki, kwa kazi hiyo wala si kwa mbio zake.

Biashara si aibu, wala kupata si dhambi. La kuulizwa ni kile ambacho mali hufanya baada ya kupatikana. Bayi naye, alipokwisha kukimbia, alianzisha shule nchini mwake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa; watu hawa wawili walicheza ugenini, wakatuzwa huko, na tuzo wakaileta kwao.

Ndugu wasikilizaji, siku ya kustaafu humfikia kila askari. Sare hurudishwa ghalani. Lakini kuamka mapema, kuvumilia, na kumjali aliye dhaifu, hayo hayaandikwi katika orodha ya vifaa vya kurudishwa.