Barua Tuliyoogopa Kuiandika

Masomo: 2 Wakorintho 8:1-21, Wafilipi 2:25-30 na 4:10-18

Leo sisi wa komite ya kanisa hatukuja kuhubiri juu ya dhambi za watu wa nje. Tumekuja na jambo letu wenyewe, na tuliomba ruhusa kwa Baba Mchungaji na kwa wazee wa kanisa kabla ya kulileta kwenye redio.

Wengi wenu mnajua kwamba kanisa letu hapa Uvira lina urafiki na kanisa dogo la kijiji kimoja huko Uswidi. Jina la kijiji hatutalitaja, maana hatujawaomba wenyewe ruhusa ya kuwatangaza. Kiko katika jimbo la Dalarna, ndani ya misitu mikubwa, mwendo wa saa nyingi kwa gari kutoka Stockholm. Mwezi wa kumi na mbili jua la kule linachomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa mchana limekwisha kuzama. Mtu wa Uvira aliyezoea joto la ziwa akisikia hayo anauliza: watu hao wanaishi namna gani? Nao walipoona picha za mto Mulongwe uliofurika, waliuliza vilevile juu yetu.

Habari ya Wapentekoste wa Uswidi na Kongo ni ya zamani. Wamisionari wao wa kwanza walifika mwaka 1921. Nyuma yao palikuwa na makanisa ya vijiji, watu wa mashamba na wa misitu, ambao waliweka akiba kidogo kidogo ili kazi iende. Hospitali ya Lemera, ambako wagonjwa na wauguzi waliuawa mwaka 1996, ilitoka katika kazi hiyo. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanza mwaka 1999, ilipata msaada wao pia, na Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Hayo mnayajua, hatutakawia hapo.

Urafiki wetu na kijiji hiki ni mdogo zaidi, na ulianza kwa njia isiyo ya wakubwa. Jamaa moja ya kanisa letu ilikimbia vita, ikakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, halafu ikapelekwa Uswidi. Jumapili ya kwanza walitafuta kanisa. Walikuta wazee wachache katika nyumba ya mbao, wakapokelewa kwa kahawa na mikate mitamu, bila kuelewana hata neno moja. Baba wa jamaa hiyo akatupigia simu akasema: “Hapa kuna watu wanaoomba kama sisi, ila polepole.” Tangu hapo tukaanza kutumiana salamu.

Sasa tunafika mahali penye uzito.

Tarehe 16 na 17 mwezi wa nne mwaka 2020, ninyi wa Uvira hamhitaji kuelezwa. Mulongwe uliacha njia yake ukapita katikati ya nyumba za watu. Maelfu ya nyumba ziliharibika. Tulizika ndugu. Tope lilifika kwenye madirisha, na ukuta mmoja wa kanisa letu ulianguka. Wiki haikuisha tukaandika barua kwa rafiki zetu wa Uswidi: mabati, masufuria, blanketi, misumari, unga. Kurasa tatu nzima. Walijibu upesi, wakatuma pesa, na kanisani tulipiga vigelegele.

Wapendwa, tumeitafuta barua ile katika simu tukaisoma tena. Katika kurasa tatu hakuna mstari hata mmoja unaouliza: ninyi mko namna gani? Na tulijua. Mwezi uleule redio zote zilikuwa zikitangaza korona ya Ulaya, na jinsi wazee wengi wa Uswidi walivyokuwa wakifia katika nyumba za kutunzia wazee. Tulisikia kwa sikio moja. Katika mawazo yetu mzungu ni mtu wa kutuma. Haugui, wala hafiwi.

Kosa la pili ni zito kuliko hilo. Tuliandika majina ya jamaa thelathini zilizopoteza paa. Pesa zilipofika, tulikaa katika komite tukasema: ukuta wa kanisa nao umeanguka, na nyumba ya Mungu ikikaa wazi ni aibu. Tukatoa sehemu kwa ajili ya ukuta na paa la kanisa. Mabati yaliyobaki yalitosha jamaa ishirini na moja. Lakini katika rapoti tuliandika thelathini, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumeomba.

Tena kulikuwa na picha. Mama mmoja mjane, muuza ndagala, tulimsimamisha mbele ya mabati akiwa na kitambaa cha bluu kichwani, tukapiga picha. Baada ya picha, mabati yalirudishwa ndani ya depo ya kanisa. Yeye alirudi kwake, chini ya shitingi. Hakutusemesha neno. Saa kumi na moja asubuhi alikuwa kwenye maombi kama kawaida yake, na sisi tulimsalimu kama kawaida yetu.

Hakuna aliyeweka franga mfukoni mwake. Hilo ndilo lililotulaza usingizi. Tulisema: yote yalikwenda kwa kazi ya Bwana. Lakini mtu akikupa dawa umpelekee mgonjwa, nawe ukainywa kwa sababu una kikohozi, umefanya nini?

Miaka ilipita. Kisha ujumbe wa sauti ukafika kwenye simu ya komite. Bibi mmoja wa kile kijiji alikuwa akisema kwa lugha yake, na yule ndugu yetu akawa anatafsiri: “Ile picha ya mama mwenye kitambaa cha bluu nimeitundika jikoni kwangu. Namwombea nikichemsha kahawa. Naomba kujua, nyumba yake sasa haivuji?”

Tulikaa karibu mwezi mzima bila kumjibu.

Katika komite palikuwa na maneno makali. Mmoja wetu alisema: tukieleza ukweli, msaada umekwisha, na jina la kanisa litaoza huko Ulaya. Mwingine akasema: tumnunulie mama mabati kimya kimya, halafu tujibu kwamba haivuji, na hiyo haitakuwa uongo. Tunakiri kwamba shauri hilo lilitupendeza wengi. Aliyetuzuia ni shemasi wetu, mama mzee, ambaye hakuwa amesema kitu tangu mwanzo. Aliuliza tu: “Na wale wengine nane? Watapigiwa picha ya namna gani?”

Ndipo tukafungua Maandiko, si kwa kutafuta somo la kuhubiri bali kwa kutafuta njia ya kutoka. Tulisoma jinsi Mtume Paulo alivyobeba sadaka ya makanisa ya mataifa kwa watakatifu wa Yerusalemu. Hakuibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na sababu anaitoa waziwazi: hakutaka mtu apate la kumlaumu juu ya mchango ule. Alitaka mambo yawe mazuri mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Paulo, mtume wa Bwana, aliona inafaa awe na mashahidi juu ya pesa. Sisi tuliona inatosha kuwa na picha.

Tukasoma tena juu ya Wamakedonia. Hao ndio waliotoa, nao walikuwa maskini sana. Waliomba wenyewe wapewe nafasi ya kushiriki. Tulizoea kusoma mistari ile tukidhani inawahusu watu wa Ulaya, ili wasichoke kutoa. Siku ile tulijiuliza: mbona maskini wa Makedonia walihesabiwa kuwa watoaji, na sisi tunajihesabu kuwa wapokeaji siku zote? Paulo anasema zamu hubadilika: leo wingi wa hawa unajaza upungufu wa wale, na kesho wingi wa wale unajaza upungufu wa hawa.

Na katika Wafilipi kuna jambo dogo ambalo tulikuwa tukilipita kila mara. Wafilipi walimtuma Epafrodito ampelekee Paulo zawadi. Kule akaugua karibu ya kufa. Habari za ugonjwa wake zikarudi mpaka Filipi, nao wakahangaika, na Epafrodito akahuzunika kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba anaugua. Angalieni habari zinavyokwenda na kurudi! Hapakuwa na simu. Barua ilipita bahari na milima, lakini hawa walijua ugonjwa wa wale, na wale walijua mahangaiko ya hawa. Sisi wenye simu mkononi hatukujua hata idadi ya watu wanaokaa katika kanisa la rafiki zetu.

Basi tukaandika. Barua iliandikwa mara tano, maana kila mara tulikuta tumejitetea. Mwisho ilikuwa fupi: tulisema thelathini, zilikuwa ishirini na moja, mabati ya picha hayakumfikia mama, paa la kanisa letu ni la jamaa tisa. Tukaomba msamaha, tukaahidi kulipa. Lakini kwanza tulimwita mama mwenyewe pamoja na wale wanane, tukawasomea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nilidhani mmesahau.” Kisha akauliza jina la bibi wa jikoni.

Jibu kutoka Uswidi lilikawia wiki tatu. Wapendwa, wiki tatu hizo zilikuwa ndefu. Lilipofika, Baba Mchungaji alilisoma mbele ya komite, na alisimama mara mbili kwa sababu sauti ilikatika.

Walisema wametusamehe, na wakaomba jamaa tisa zitangulie kabla ya neno lingine lolote. Halafu wakasema nao wana la kueleza. Ile picha waliyotutumia zamani, ya kanisa lililojaa watu, ilipigwa siku ya mazishi. Jumapili za kawaida wanakaa watu kumi na mmoja. Vijana wamekwenda mijini kutafuta kazi, na wengi wao hawaendi kanisani tena. Waliona haya kutuambia, kwa kuwa babu zao ndio waliowatuma wamisionari, nao walihofu tutavunjika moyo.

Tena wakasema juu ya mwezi wa nne wa 2020. Katika mwezi huo wa Mulongwe wao walizika wazee watatu wa kanisa. Mmoja alifia katika nyumba ya wazee; ruhusa ya kuingia ilikuwa imefungwa, na watoto wake waliagana naye wakiwa wamesimama nje ya dirisha. Barua yetu ya kurasa tatu iliwafikia katika siku zile. Na pesa walizotuma hazikutoka kwa tajiri yeyote. Zilikuwa za duka lao la mitumba, ambapo wazee wanauza vikombe, vitabu na makoti ya watu, na walikuwa wameziweka ili watengeneze mtambo wa kupasha joto nyumba ya ibada. Hawakutuambia wakati ule. Walisema: ninyi mlikuwa ndani ya maji.

Hatukuwa na la kusema. Shemasi wetu alianza kuomba, akaomba kwa majina ya wale watatu, vibaya kabisa kwa matamshi, na sisi tukafuata.

Tangu siku ile wapo kanisani wanaoendelea kuwaita wafadhili. Tunawaomba muache neno hilo. Wapo pia wanaotulaumu kwa kulitoa jambo hili hadharani, na wanauliza kama sasa kuna mtu atakayetupa kitu. Ni swali la haki. Kwa kweli tangu barua ile hakuna pesa iliyotoka kule, wala hatukuomba. Lakini kila Alhamisi jioni tunapigiana simu, na maswali ni ya pande mbili: nani anaumwa, nani amejifungua, mvua, theluji, bei ya unga. Bibi wa jikoni na mama wa ndagala wanasemezana kupitia mtafsiri, na mtafsiri anatuambia kwamba mara nyingine wanamkimbia, wanacheka tu.

Deni tunalilipa. Katika jamaa tisa, tano zimekwisha kupata mabati kutokana na sadaka zetu wenyewe, na mama alikuwa wa kwanza. Zinabaki nne. Rapoti inabandikwa mlangoni mwa kanisa kila mwezi pamoja na fakture, na jamaa zenyewe ndizo zinazotia sahihi. Ukiona kosa, umwambie mzee wa kanisa yeyote, au useme mbele ya wote.

Jambo la mwisho. Rafiki zetu wametuarifu kwamba nyumba yao ya ibada itauzwa. Hawakusema ni kwa sababu ya ule mtambo, nasi hatukuthubutu kuuliza. Ibada ya mwisho ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Baada ya hapo watakutana sebuleni kwa mmoja wao, pamoja na ile jamaa yetu. Wametuomba kitu kimoja: kwaya yetu iwaimbie wimbo wa zamani ambao wamisionari walituletea, ili siku hiyo sauti zijae ndani ya nyumba.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa nane mchana, tunakutana kanisani kurekodi. Wanakwaya wavae nguo za Jumapili. Wanaojua ubeti wa tatu vizuri wakae mbele, maana wengi tunauvuruga. Jenereta inahitaji lita tano za mafuta. Mwenye uwezo alete. Wale wa jamaa tisa tumewaomba wasimame katikati.