Kimya na Hukumu katika Riwaya ya Sabahattin Ali

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo ni ufunguo mzuri wa kuifungulia riwaya ya Kituruki iitwayo Kürk Mantolu Madonna, yaani Madonna mwenye koti la manyoya. Ilitokea kwanza kwa mfululizo katika gazeti la Hakikat mwaka 1940 na 1941, kisha ikachapwa kitabu mwaka 1943. Mtunzi wake, Sabahattin Ali, aliyezaliwa mwaka 1907, aliwahi kusoma Ujerumani, na aliuawa mwaka 1948 karibu na mpaka wa Bulgaria.

Wasomaji wengi huichukulia kuwa riwaya ya mapenzi yaliyopotea. Mhadhara huu unadai kwamba dhamira yake kuu ni hatari ya kumhukumu mtu kwa kimya chake.

Msimulizi wa kwanza ni karani wa Ankara anayefanya kazi chumba kimoja na Raif Efendi, mfasiri wa Kijerumani. Efendi ni neno lilelile lililotupatia afande, lakini ofisini humo halimpatii Raif heshima yoyote. Mkuu wake humkaripia, na jamaa zake nyumbani hula mshahara wake huku wakimdharau. Msimulizi naye humwona mtu mtupu, hadi siku anapoona mchoro ambao Raif amemchora mkuu huyo: mistari michache tu, na ukatili wote umefichuka.

Raif anapougua, anataka daftari lake litiwe motoni. Msimulizi anaomba alisome usiku mmoja. Humo yamo maisha ya Berlin, alikopelekwa na baba yake kujifunza utengenezaji wa sabuni, na alikompenda Maria Puder baada ya kuiona picha aliyojichora mwenyewe. Baba alipofariki, Raif alirudi Uturuki. Maria alimwandikia kuwa ana habari njema atakayomweleza wakionana. Kisha barua zikakatika.

Hapa ndipo fani na maudhui hukutana. Raif aliamini kuwa ametupwa, akawafungia moyo wanadamu wote. Miaka kumi baadaye alipata kujua kwamba Maria alikufa baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mtoto huyo alimwona kwa dakika chache tu, kisha garimoshi likaondoka naye.

Kwa hiyo, hadithi ndani ya hadithi si pambo katika riwaya hii. Jinsi ulimwengu ulivyomsoma Raif ndivyo Raif alivyomsoma Maria: kila upande ulikiona kimya ukadhani hakuna kitu ndani yake. Mfasiri wa maneno alishindwa kukifasiri kimya. Asubuhi msimulizi anarudi na daftari mkononi, akiwa ameshamfahamu mwenzake, na kumkuta amekwisha kufa.