Kodi Inayolipwa Kabla Taa Haijawaka: Ushuru, Riba na Gharama ya Umeme wa Jua Afrika Mashariki



Kila mwezi Juni, bajeti zinaposomwa Nairobi, Dodoma na Kampala, wauzaji wa vifaa vya sola hawana habari na bei ya bia wala ada ya magari. Wanangoja mstari mmoja tu: je, msamaha wa kodi kwenye paneli, betri na inveta umebaki au umeondolewa? Jibu likija, nusu yao hupandisha bei siku hiyohiyo na nusu nyingine huanza kupiga simu kwa mawakala wa forodha, kuuliza mstari ule hasa unamaanisha nini.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia ushuru wa biashara na gharama za nishati jadidifu. Hoja yangu naitanguliza mapema ili mnipinge vizuri wakati wa majadiliano. Mjadala wetu wa ushuru umekaa juu ya paneli, na paneli ndiyo sehemu ambayo bei yake imekwisha kuanguka. Gharama iliyobaki iko kwingine: kwenye betri, kwenye riba ya mkopo, kwenye fedha za kigeni na kwenye sheria zinazogeuka kila mwaka.

Paneli yenyewe

Wakala wa Kimataifa wa Nishati Jadidifu, IRENA, hukokotoa kila mwaka wastani wa gharama ya kuzalisha uniti moja ya umeme duniani. Kwa mitambo mikubwa ya jua, mwaka 2010 gharama hiyo ilikuwa senti 46 za dola ya Marekani. Mwaka 2023 ilikuwa senti 4.4. Kwenye historia ya nishati ni vigumu kupata kitu kingine kilichoshuka bei kwa kasi hiyo.

Sababu kubwa ni China. Zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa dunia wa kutengeneza paneli, kuanzia kusafisha silikoni hadi kuunganisha paneli iliyokamilika, uko huko. Viwanda vilijengwa vingi kupita mahitaji, na ilipofika 2024 bei ya paneli ikitoka kiwandani ilikuwa imeshuka hadi takriban senti 10 za dola kwa wati. Paneli ya wati 400, kwa bei hiyo, ni kama dola 40. Ukiitoza ushuru wa asilimia 10 unapata dola 4. Naomba tuikumbuke hesabu hii ndogo tutakapofika kwenye suala la kulinda viwanda.

Ushuru wetu unavyofanya kazi

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005 ukiwa na viwango vitatu vya ushuru wa pamoja: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35, kwa bidhaa ambazo nchi wanachama zinaamini zinaweza kujitengenezea, likiwemo kundi la bidhaa za chuma.

Vifaa maalumu vya umeme wa jua na upepo vimewekwa kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, yaani orodha ya vitu vinavyosamehewa ushuru. Kwa kusoma tu, mambo ni mazuri. Ugomvi unaanzia kwenye neno “maalumu”. Paneli haina kazi nyingine duniani, kwa hiyo inapita. Lakini waya wa shaba unaweza kufungwa kwenye nyumba yoyote. Betri inaweza kuwekwa kwenye lori. Inveta inaweza kutumika na umeme wa gridi. Fremu ya kuegemeza paneli juu ya bati, machoni pa ofisa wa forodha, ni chuma tu. Kontena moja linaweza kubeba vitu vinavyoangukia viwango vitatu tofauti, na mzigo ukikaa bandarini wakati watu wanabishana, gharama za kuhifadhi zinaongezeka kila siku. Mnunuzi wa Kahama au wa Kitui ndiye atakayezilipa, ingawa hazitaandikwa popote kwenye risiti yake.

Tena kila mwaka nchi wanachama huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, na ruhusa hizo hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya karibu na mwanzo wa mwaka wa fedha. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo Machi hajui atautoa kwa sheria ipi Julai.

Somo la Kenya

Mwaka 2020 Kenya iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola. Serikali ilitaka mapato katika mwaka wa korona, na hilo linaeleweka. Kiwango cha kodi hiyo kilikuwa kimeshushwa hadi asilimia 14, kisha Januari 2021 kikarudi asilimia 16. Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha msamaha. Yaani katika muda wa takriban miaka miwili ya bajeti, bidhaa ileile ilitoka kwenye msamaha, ikatozwa viwango viwili tofauti, ikarudi kwenye msamaha.

Waliokuwa wameingiza mzigo katikati walibaki na bidhaa ghali sokoni karibu na bidhaa nafuu za waliochelewa. Funzo ambalo mwagizaji analipata hapo ni kwamba kuwahi ni hasara. Kwa maoni yangu, madhara ya kugeukageuka namna hii ni makubwa kuliko ya asilimia 16 yenyewe ingebaki palepale miaka kumi.

Kwa upande wa pili wa mizani, tangu Septemba 2018 Kenya imekuwa ikitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, tozo iliyokusudiwa kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa kuzuia uchakachuaji, si kusukuma watu kwenye sola. Hata hivyo ilifanya taa ya jua ionekane nafuu zaidi, na mzigo wake ukawaangukia wenye koroboi, ambao hawakuwa wamechakachua chochote.

Riba ndiyo ushuru mkubwa

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo penye uzito wa mada.

Anayenunua mafuta ya taa hulipa kodi kidogokidogo, kila chupa anayonunua. Mwenye jenereta vivyo hivyo. Umeme wa jua uko kinyume: mafuta yake ni bure, lakini mtambo unalipiwa wote siku ya kwanza. Kwa hiyo kodi yake nayo inalipwa yote siku ya kwanza, kabla taa haijawaka. Kama fedha za mtambo ni za mkopo, basi hata kodi imekopwa, na inazaa riba.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtambo wa kilowati moja unagharimu dola 1,000, unatoa uniti 1,500 kwa mwaka, na unadumu miaka 20. Tuache matengenezo pembeni. Ukikopa kwa riba ya asilimia 5, marejesho ni kama dola 80 kwa mwaka, na kila uniti inakugharimu takriban senti 5.3. Ukikopa kwa asilimia 15, marejesho yanakuwa dola 160 na uniti inafika senti 10.7. Paneli ni zilezile, jua ni lilelile, fundi ni yuleyule. Bei imekuwa karibu mara mbili kwa sababu ya benki peke yake.

Sasa ongeza kodi ya asilimia 16. Kwa mwenye mkopo wa asilimia 5, uniti inapanda kwa chini kidogo ya senti 1. Kwa mwenye mkopo wa asilimia 15 inapanda kwa senti 1.7. Kodi ni moja kwenye sheria, lakini mwenye mkopo ghali inamuuma karibu mara mbili. Na nani mwenye mkopo ghali? Ni mwenye duka kijijini, ni kikundi cha kina mama wenye mashine ya kusaga, ni kampuni changa ya wazawa isiyoweza kukopa Ulaya. Wanaopata riba nafuu ni wawekezaji wakubwa wenye dhamana za serikali, na mara nyingi hao ndio wanaopewa pia misamaha ya kodi ya mradi mmoja mmoja.

Hii ndiyo sababu biashara ya sola za kulipa kidogokidogo kwa simu ilishika haraka Kenya na kusambaa kwa majirani. Ilimwondolea mnunuzi ule mzigo wa siku ya kwanza. Haikuufuta, iliuhamishia kwa kampuni, na kampuni ikauingiza kwenye malipo ya kila siku. Ukijumlisha malipo yote hadi mwisho utaona riba imejificha humo.

Je, tulinde viwanda?

Wapo wenzetu humu wanaosema: tutaagiza hadi lini? Tuweke ushuru, viwanda vije. Hoja hii siidharau. Tuangalie waliojaribu.

Marekani ilianza kutoza paneli za China kodi za kuzuia bei ya kutupa mwaka 2012. Januari 2018 Donald Trump akaongeza ushuru wa asilimia 30 kwa paneli kutoka karibu kila mahali. Viwanda vya Wachina vikahamia Malaysia, Thailand, Vietnam na Kambodia, na Marekani ikajikuta inazifuata nchi hizo nazo kwa ushuru mpya. Ulaya iliweka vizuizi vyake mwaka 2013 na kuviondoa Septemba 2018, ikiwa imeona kwamba inahitaji paneli za bei nafuu kuliko inavyohitaji vizuizi. India ilikaza zaidi: Aprili 2022 ilianza kutoza asilimia 40 kwa paneli na 25 kwa seli. Viwanda vya India vimekua kweli. Lakini India ina soko la watu zaidi ya bilioni, na serikali yake ilifungamanisha ushuru na ruzuku na zabuni kubwa za ndani.

Sisi? Kenya ina kiwanda cha kuunganisha paneli Naivasha tangu 2011, na nakiheshimu kwa kudumu. Lakini seli zinatoka nje. Afrika Kusini, yenye viwanda vingi kutuzidi, iliweka ushuru wa asilimia 10 kwenye paneli Juni 2024, baada ya miaka ya mgao wa umeme iliyowafanya wananchi waagize paneli kwa wingi. Turudi sasa kwenye dola zetu 4. Kiasi hicho hakitoshi kujenga kiwanda cha seli, ila kinatosha kumchelewesha anayehesabu senti.

Kazi za watu wetu haziko kwenye seli. Ziko juu ya bati: kupima, kufunga, kuunganisha nyaya, kutengeneza. Ziko kwenye fremu ambazo karakana za Gerezani au Kariobangi zinaweza kuzichomelea, na ziko kwenye kuunganisha betri za lithiamu kutokana na seli zilizoagizwa. Kama ni lazima tulinde kitu, tulinde hapo, na tulinde kwa kuondoa ushuru kwenye seli na vipuri, si kwa kumpandishia mnunuzi bei ya bidhaa iliyokamilika. Kwa sasa, fundi anayeagiza chuma cha fremu anaweza kulipa ushuru mkubwa kuliko anayeingiza mfumo mzima ulioandikwa “maalumu”. Huko ni kumlinda mgeni dhidi ya mwenyeji.

Mikataba ya euro na umeme wa jirani

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ulikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018, na Kenya ikalazimika kulipia umeme ambao haukuwa na pa kupita. Bei yake iliwekwa kwa euro, senti 7.52 kwa uniti. Shilingi ikidondoka, umeme unapanda hata kama upepo ni uleule. Hakuna waziri anayeutangaza bungeni ushuru huu wa kudondoka kwa shilingi.

Pakistani inatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Bei ya gridi ilipanda kwa sababu ya malipo ya mitambo yaliyofungwa kwa dola, na wananchi wakakimbilia paneli. Mwaka 2024 pekee ziliingizwa za takriban gigawati 17. Waliobaki kwenye gridi sasa wanabeba deni la waliohama. Mwaka 2025 serikali ilitaka kutoza paneli asilimia 18, ikaishia asilimia 10.

Tanzania imekamilisha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Hata hivyo, Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walikuja juu. Mimi naona hesabu ilikuwa upande wake: umeme wa bwawa hilo, lililo Rufiji, hupotea njiani ukielekea Arusha, na njia ya umeme kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida ipo. Tunaogopa kununua uniti kwa jirani, ilhali hatushtuki kununua paneli China na kukopa dola New York.

Maombi kwa semina

Naomba azimio letu liwe na mambo machache yanayotekelezeka. Msamaha wa vifaa vya sola ufungwe kwa miaka mitano, usiguswe na Sheria ya Fedha ya mwaka mmoja. Jedwali la Tano litaje betri, inveta, nyaya na fremu kwa vipimo vyake, ili neno “maalumu” lisiamuliwe na ofisa mmoja bandarini. Seli za betri na chuma cha fremu vipate unafuu uleule unaopewa mfumo uliokamilika. Na wizara za fedha zituletee, pamoja na hesabu ya mapato yaliyosamehewa, hesabu ya riba ambayo mnunuzi mdogo analipa, maana hiyo ya pili hatujawahi kuiona mezani.

Napendekeza vikundi vya majadiliano vianze na suala la betri.