MAJI YETU NA MAWE YA MGODI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Nyakitonto, katika sherehe ya miaka kumi ya Muungano



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mazao, na hesabu za miaka kumi zimesomwa. Sisi tumepewa kazi ya kunena juu ya mali ambayo haipiti katika mizani ya ghala zetu, nayo ni maji; na hasa maji yatokayo katika mawe ya mgodi.

Huenda mwanachama akauliza, Ushirika wa wakulima una shauri gani na migodi? Jibu letu ni hili: siku kilima kimoja cha kwetu kitakapoombwa kuchimbwa, hatutakuwa na nafasi ya kujifunza. Vijito vingi vya Kasulu na Kibondo huteremkia Mto Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Kitakachotiwa juu kitanywewa chini.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Katika mgodi wa shimo la wazi mwamba hupasuliwa kwa baruti, na sehemu kubwa ya mawe yatolewayo haina faida. Hata katika mawe yenye faida, dhahabu huwa gramu chache tu katika tani nzima. Mengine yote hurundikwa kando, yakawa vilima vipya. Huko Geita mawe hayo huitwa magwangala, na mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wananchi wapewe ili watafute dhahabu iliyosalia ndani yake.

Mawe mengi ya namna hiyo hayana madhara makubwa. Lakini yapo yenye pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa, king'aacho hata kumdanganya mtu adhani ameona dhahabu. Maadamu pairaiti imezikwa ndani ya mwamba, imelala. Ikivunjwa na kupata hewa na mvua, huoza kama chuma kinavyopata kutu, ikazaa asidi kali. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huichochea kazi hiyo. Asidi hiyo nayo huyeyusha shaba, zinki na hata sumu ya aseniki iliyokuwamo katika mawe, ikavichukua hadi mtoni. Dalili yake mara nyingi ni matope ya rangi ya kutu yaliyogandamana na mawe ya kijito, na samaki kutoweka. Wala kuyachemsha maji hayo hakusaidii, kwa maana moto huua vijidudu lakini hauondoi madini.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba likianza ni vigumu kulizima. Tazameni Kilembe, nchini Uganda. Mgodi huo, ingawa ulichimbwa chini ya ardhi, ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na kazi ikasimama mapema katika miaka ya 1980. Rundo la pairaiti yenye kobalti likaachwa Kasese. Mvua ikalinyea mwaka hata mwaka, na maji makali yakateremka katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, yakaacha ukanda wa ardhi usioota majani. Ni mwaka 1999 ndipo kampuni nyingine ilipoanza kulitumia rundo lile kwa kutoa kobalti. Shaba ilikuwa imekwisha kuuzwa. Deni lilibaki kwa wenyeji.

Tazameni pia Tarime, katika nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara. Wenye mgodi walisema chanzo ni wezi walioiba plastiki iliyotandikwa bwawani. Wananchi walilalamika juu ya watu kuugua na mifugo kufa. Na ubishi ukadumu kwa miaka. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la topesumu.

Hatusemi haya ili kuichukia migodi. Migodi huleta kazi na kodi, na wapo wazazi hapa wanaosomesha watoto kwa fedha za machimbo. Wala dawa haikosekani. Mawe hupimwa kabla ya kuchimbwa, yale ya hatari yakatengwa na yaliyo salama. Ya hatari huwekwa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, yakafunikwa yasipate hewa wala mvua. Mifereji huchimbwa kuyazuia maji safi yasipite rundoni, na maji machafu hukusanywa bwawani yakatiwa chokaa. Lakini yote haya yapaswa kupangwa kabla ya baruti ya kwanza. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka tathmini ifanywe mapema na wananchi wasikilizwe.

Basi sisi tutasikilizwa tukiwa na nini mkononi? Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirika ulizaliwa kwa sababu mkulima alichoka kupimiwa zao lake na mnunuzi, akataka mizani yake mwenyewe. Katika maji bado tunapimiwa na wengine. Maji yakibadilika, tutasema yalikuwa mazuri, nao watasema yalikuwa hivyo tangu zamani. Na asiye na daftari hana la kujibu.

Kwa hiyo twaomba Mkutano Mkuu ukubali kila chama cha msingi kichague chemchemi au kijito kimoja na kufungua Daftari la Maji. Mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, ukali wa maji upimwe kwa karatasi maalum, rangi yake na samaki wake viandikwe, na chupa moja ipelekwe maabara ya maji ya Serikali.

Twajua wapo watakaosema fedha hiyo ingefaa zaidi kwa mbolea. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Twauliza tu: mbolea itamfaa nini mtu ambaye kijito cha kumwagilia bustani yake kimekuwa kichungu? Daftari halitaizuia asidi. Litatupa ushahidi tangu siku ya kwanza, wakati ambapo jambo bado laweza kutengenezwa.

Miaka kumi tumejifunza kutunza hesabu za mazao. Na tuanze miaka kumi mingine kwa kutunza hesabu za maji. Tukifanya hivyo, hata kama kilima hakitaombwa kamwe, hatutakuwa tumepoteza kitu. Na kama kitaombwa, wajukuu wetu hawatatuuliza tulikuwa wapi.

Ushirika wetu na udumu.